Kukua kwa Mali na Kuenea kwa Mali

Hapana neno lipendwalo katika hotuba za nchi changa kuliko neno kukua. Twaambiwa uchumi umekua kwa asilimia 5. Mwaka mwingine twaambiwa umekua kwa asilimia 6. Na kila itajwapo hesabu hiyo watu hupiga makofi kana kwamba kila mmoja wao ameongezewa kitu mfukoni. Neno lenyewe ni jema, wala mtu mwenye akili hawezi kulichukia. Mtoto asiyekua huwatia wazazi wake huzuni, na nchi isiyokua haiwezi kulisha watoto wake. Lakini mtoto akikua kichwa peke yake, miguu ikabaki kama ilivyokuwa siku aliyozaliwa, wazazi hawapigi makofi. Humpeleka kwa mganga. Insha hii ina shabaha moja: kuonyesha ya kuwa ukuaji wa namna hiyo ni maradhi, na ya kuwa wale watuambiao tungoje, miguu itakua baadaye, ama wanatudanganya ama wamejidanganya wenyewe.

Tuchukue mfano ulio karibu. Mji wa Oyugis uko katika Kaunti ya Homa Bay, kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kisii, Migori na mpaka wa Tanzania. Ni nchi ya rutuba. Mvua haiinyimi, na udongo wa Kasipul na Kabondo huzaa mahindi, njugu, ndizi na viazi vitamu. Viazi vya Kabondo vinajulikana hata kwa walaji wa Nairobi wasiojua Kabondo iko upande gani wa Kenya. Mkulima, aghalabu mwanamke, huamka kabla ya jua, akainama juu ya jembe, akapanda, akapalilia, akachimba. Mnunuzi huja na gunia lake. Gunia hilo huwa limeshonewa nyongeza mdomoni, likainuka kama kilima. Watu huliita lumbesa. Mkulima hulijaza mpaka juu ya kilima hicho, kisha hulipwa bei ya gunia moja. Lori likishapakiwa hushika njia ya mjini. Huko gunia hufunguliwa, viazi huuzwa kwa mafungu, na kilima kile ambacho mkulima hakulipwa huwa faida ya mtu mwingine.

Kila hatua ya safari hiyo huongeza kitu katika hesabu za taifa. Faida ya dalali imo. Nauli ya lori imo. Ushuru wa soko umo. Faida ya muuzaji wa mjini imo. Vyote vikijumlishwa, yasemwa kwamba kilimo kimechangia pato la nchi, na hayo ni kweli. Lakini hesabu hiyo haiulizi swali moja, nalo ndilo swali lililotuleta hapa: aliyelima alibaki na nini?

Wanafunzi wa hesabu watatambua upesi mahali penye mtego. Tufanye kwamba wako watu 10 kijijini, na kila mmoja ana shilingi 100. Mali yao yote ni shilingi 1,000, na wastani wa kila mtu ni shilingi 100. Mwaka ukapita, mmoja wao akawa na shilingi 1,100, na wale 9 wakabaki na shilingi 100 kila mmoja. Sasa mali ya kijiji ni shilingi 2,000, na wastani wa kila mtu ni shilingi 200. Mwandishi wa taarifa ataandika, bila kusema uwongo, kwamba mali ya kijiji imeongezeka mara mbili, na kwamba kila mtu, kwa wastani, ana mara mbili ya alichokuwa nacho mwaka uliopita. Hapana tarakimu moja iliyokosewa. Hapana vilevile mmoja katika wale 9 awezaye kununua hata kipande cha sabuni zaidi ya alichonunua mwaka jana. Na kwa namna nyingine wale 9 wamekuwa maskini kuliko kwanza, maana kiwanja kikiuzwa kijijini, yule mmoja ndiye atakayeamua bei yake, na wengine watasimama kando wakitazama.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini jambo lifuatalo lilitokea. Mwezi wa Septemba 2014 Kenya ilitangaza hesabu mpya za pato lake, baada ya kubadili mwaka wa msingi wa makadirio na kuingiza shughuli ambazo zamani hazikuhesabiwa vyema. Pato likaonekana kuwa kubwa kuliko lilivyodhaniwa kwa kadiri ya robo, na nchi ikahama kutoka safu ya mataifa maskini ikaingia safu ya mataifa ya kipato cha kati, daraja la chini. Kazi hiyo ilikuwa halali, na wataalamu walioifanya hawana lawama. Lakini soko la Oyugis lilifunguliwa siku ya pili kama lilivyofungwa siku ya kwanza. Fungu la ndizi halikuongezeka ndizi. Nchi nzima ilipanda daraja usiku mmoja, na waliopandishwa hawakujua mpaka walipoambiwa na redio.

Aliyeonya mapema juu ya mtego huu hakuwa adui wa hesabu. Alikuwa Simon Kuznets, mtaalamu wa uchumi wa Marekani aliyeongoza kazi ya kukadiria pato la taifa hilo. Mwaka 1934 aliwaambia wabunge wa nchi yake kwamba ustawi wa watu hauwezi kupimwa kwa jumla ya pato peke yake. Mtengenezaji wa mizani alisema wazi kuwa mizani yake haipimi kila kitu. Wanunuzi wa mizani ndio waliosahau.

Sasa tuwaendee wapinzani wetu, nao si wajinga, wala wote si wabaya. Husema hivi: nchi maskini haina cha kugawa. Acheni wenye uwezo wazalishe; acheni fedha ziende mahali zinapozaa upesi; mali ikiisha kuwa nyingi itateremka yenyewe mpaka kwa watu wa chini, kama mvua inyeshayo juu ya vilima vya Gusii iteremkavyo katika mito mpaka ikafika ziwani. Mfano huu una uzuri wake, na mtu wa Oyugis huuona kwa macho, maana mito ya kwao hushuka hivyo hivyo kwenda Ziwa Viktoria. Lakini maji huteremka kwa sababu hayana hiari. Fedha ina mwenyewe, na mwenyewe ana hiari. Aweza kuizuia, kuificha au kuipeleka ng'ambo. Tena tukitazama vema tutaona kwamba fedha hupenda kupanda mlima. Kiazi hutoka Kabondo kwenda mji mkubwa, na faida hukifuata huko huko. Kijana aliyesomeshwa kwa jasho la mama yake hupanda basi kwenda Nairobi, na elimu yake humfuata huko huko. Kama nguvu haikuwekwa ya kuigeuza, njia ya mali ni kutoka kwa wengi kwenda kwa wachache, na kutoka pembeni kwenda katikati.

Fikira hii ya kungojea ina historia katika nchi yetu, na vijana yawapasa kuijua. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilitoa mpango wa kilimo ulioitwa kwa jina la mwandishi wake, Roger Swynnerton. Mpango huo ulikuwa na manufaa: Waafrika wengi zaidi waliruhusiwa kulima mazao ya biashara, kama kahawa, waliyokuwa wamezuiwa. Walakini ulisema waziwazi kwamba Waafrika wenye uwezo, bidii au mali watajipatia ardhi zaidi, na wakulima wabaya au maskini watapungukiwa, hata pawe na tabaka la wenye ardhi na tabaka la wasio nayo. Na kwamba hiyo ni hatua ya kawaida katika kuendelea kwa nchi. Angalieni neno hilo, kawaida. Dhuluma ikipewa jina hilo, aliyedhulumiwa hana tena mahali pa kushtaki, kwani nani huishtaki kawaida?

Uhuru ulipatikana mwaka 1963. Mwaka 1965 serikali mpya ilitoa Waraka Namba 10, uliohusu Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya maendeleo ya Kenya. Waziri wa mipango alikuwa Tom Mboya, ambaye kwao ni Kisiwa cha Rusinga, katika nchi iitwayo leo Kaunti ya Homa Bay. Waraka ulizungumza juu ya haki na usawa, na hapana sababu ya kushuku nia ya Mboya. Lakini ndani yake palikuwa na shauri moja lililozaa mambo makubwa: kwamba ili uchumi wote ukue upesi, fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapoleta mazao makubwa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, njia za usafiri, nguvu za umeme na watu walio tayari kupokea mambo mapya.

Mwezi wa Julai mwaka huohuo alijitokeza mtu mwingine kujibu. Huyu alikuwa Barack Obama, mtaalamu wa uchumi aliyesoma Marekani, baba wa yule ambaye baadaye, mwaka 2009, alikuwa rais wa nchi hiyo. Jamaa zake wana asili ya Kanyadhiang', upande wa Kendu Bay, mahali palipounganishwa na Oyugis kwa barabara. Katika jarida la East Africa Journal aliuliza ni kwa njia gani waraka huo utazuia mali ya nchi isirundikane mikononi mwa wachache. Alitaka kodi kubwa zaidi kwa wenye mapato makubwa, na juu ya ardhi alipendekeza ushirika wa koo kuliko kila mtu kujifungia katika hati yake. Hivyo wana wawili wa ziwa lilelile walisimama pande mbili za swali moja: mmoja alisema tuzalishe kwanza tupate cha kugawa, na mwingine akauliza atakayekubali kugawa baadaye ni nani. Wote wawili wamekwisha kufa. Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na Obama alifariki mwaka 1982. Swali lao li hai.

Kosa la shauri lile la 1965 ni rahisi kuonekana. Mahali penye njia za usafiri na umeme mwaka 1965 palikuwa wapi? Palikuwa pale serikali ya kikoloni ilipopatengeneza kwa ajili ya walowezi wake. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na matawi yake yakafuata mashamba ya Wazungu; Nyanza ya Kusini haikupewa reli. Watu wake walitozwa kodi, wakalazimika kwenda kutafuta fedha ya kuilipa katika mashamba ya mbali. Basi ukisema fedha ziende penye barabara, umesema ziende palipopendelewa zamani. Umaskini wa mahali ukafanywa kuwa sababu ya kupaacha maskini. Ni kama mwalimu awanyimaye kitabu wanafunzi wasiojua kusoma, kwa hoja kwamba kitabu kitawafaa zaidi wale waliokwisha kujua.

Je, mali iliteremka? Hesabu zipo. Katika miaka 10 ya kwanza ya uhuru, uchumi wa Kenya ulikua kwa wastani wa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka, mwendo ambao mataifa mengi yaliuonea wivu. Lakini mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, ulichunguza nchi ukaona kwamba tatizo lake kubwa halikuwa watu wasio na kazi peke yake. Lilikuwa watu wafanyao kazi kutwa kucha wakabaki maskini: mafundi wa vibanda, wachuuzi, wakulima wadogo. Ujumbe huo ulishauri ukuaji na ugawaji viende pamoja. Mwaka 1975 mbunge J. M. Kariuki, aliyekuwa akionya kwamba Kenya isije ikawa nchi ya mamilionea 10 na maombaomba milioni 10, aliuawa. Onyo lake lilikuwa kali kwa sababu kila mtu aliona kwa macho kwamba linaelekea kutimia.

Huenda mpinzani akajibu kwamba hayo ni ya zamani. Tuje karibu. Mwaka 2002 uchumi wa Kenya haukukua hata kwa asilimia 1. Mwaka 2003 serikali ilifuta karo katika shule za msingi, na wanafunzi wakaongezeka kutoka kama milioni 5.9 mpaka kama milioni 7.2. Kwa mujibu wa fikira ya kungojea, nchi iliyodhoofika hivyo haikuwa na haki ya kutoa kitu hicho, ingengoja inenepe. Ilitoa, na uchumi haukufa. Mwaka 2007 ulikua kwa karibu asilimia 7. Sisemi shule peke yake ndiyo iliyoukuza. Nasema kwamba kumpa mtoto wa maskini haki yake hakukuuzuia.

Lakini mwaka huohuo wa 2007 unatupa na fundisho la pili, tena chungu. Mwezi wa Desemba, katika nchi iliyokuwa ikisifiwa kwa asilimia 7, uchaguzi uligombaniwa, na katika majuma machache watu zaidi ya 1,100 waliuawa na malaki wakakimbia makwao. Wapatanishi walipoketi chini ya Kofi Annan mwaka 2008, waliyataja katika ajenda ya 4 mambo ya muda mrefu yaliyoitia nchi katika hatari: umaskini, tofauti za mali, tofauti za majimbo, ardhi, vijana wasio na kazi. Mwaka 2008 ukuaji ulianguka mno. Basi wale wasemao tukuze kwanza tugawe baadaye wangejiuliza: ni nani aliyeukata mti ule wa ukuaji? Aliukata mgawanyo mbaya walioahirisha kuutengeneza. Nyumba iliyojengwa juu ya msingi wa upande mmoja huanguka juu ya tajiri na maskini pamoja.

Iko hoja nyingine ya wapinzani, nayo yastahili heshima. Husema: tazameni Tanzania. Tarehe 5 Februari 1967 ilitangaza Azimio la Arusha, ikashika njia ya usawa, ikaweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma; na miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980 maduka yalikuwa matupu. Yafaa kukubali ukweli huo bila kuzunguka. Kugawana uhaba si ustawi, na wakulima waliohamishwa kwa nguvu hawakuzalisha zaidi kwa kuwa wamehamishwa. Tanzania ilifaidi mambo mengine, kama umoja wa taifa na kusoma na kuandika kwa wengi, lakini tumbo lina madai yake. Hata hivyo, hoja hii yathibitisha kwamba kugawa bila kuzalisha ni kosa. Haithibitishi kwamba kuzalisha bila kugawa ni sawa. Mtu aliyeponea chupuchupu kuzama mtoni hana sababu ya kujitupa motoni.

Tena ipo njia ya tatu, nayo imepitwa na watu. Korea Kusini na Taiwan zilikuwa nchi maskini zilizovurugwa na vita. Taiwan kati ya 1949 na 1953, na Korea Kusini kuanzia 1950, ziliwagawia wakulima wadogo ardhi iliyokuwa ya mabwana wachache, kisha zikatia nguvu katika shule za watu wote. Kugawa kulitangulia, ukuaji mkubwa ulifuata, ukawa miongoni mwa ukuaji wa haraka kabisa katika karne ile. Kuznets yuleyule, mwaka 1955, alikuwa ameandika kwamba katika nchi kadhaa zilizoendelea tofauti za mali huenda ziliongezeka kwanza ndipo zikapungua. Watu wakaifanya dhana hiyo kuwa amri ya maumbile, ingawa mwenyewe alikiri kwamba sehemu kubwa mno ya maelezo yake ilikuwa ya kukisia. Taiwan na Korea Kusini hazikuingojea amri hiyo.

Hoja ya mwisho ni ile isemwayo kwa hasira: kwamba matajiri wamepata kwa bidii, na maskini wana wivu. Wako matajiri wa bidii, nao hatuna ugomvi nao. Fundi aanzaye na chombo kimoja akaishia na karakana ameinufaisha nchi. Lakini bidii yaweza kupimwa. Je, mwanamke wa Kabondo ana upungufu wa bidii? Kama mali ingegawanywa kwa kipimo cha bidii, barabara ya Oyugis ingejaa majumba ya wachimba viazi. Tazameni pia sheria. Mwaka 1985 Kenya ilisimamisha kodi ya faida ipatikanayo kwa kuuza mali kama ardhi na majengo, ikairudisha mwaka 2015 kwa asilimia 5, na mwaka 2023 ikaipandisha mpaka asilimia 15. Kwa muda wa miaka karibu 30, mtu aliyenunua kiwanja akalala, akaamka akakiuza kwa bei maradufu, hakutozwa kitu kwa faida hiyo. Na katika miaka hiyo hiyo mama aliyenunua sabuni alitozwa kodi ndani ya bei ya sabuni. Kodi ya ongezeko la thamani haimuulizi mnunuzi kama ni bwana mkubwa au ni mjane. Hayo hayakuandikwa na maumbile, wala na bidii. Yaliandikwa na watu, na kilichoandikwa na watu chaweza kufutwa na watu.

Ni haki kusema yaliyo mema pia. Uchunguzi wa mwaka 2005 na 2006 ulionyesha kwamba zaidi ya watu 46 katika kila 100 wa Kenya walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Ule wa 2015 na 2016 ulionyesha 36. Kupungua huko ni jambo kubwa. Lakini uchunguzi huo wa pili ulipopima mahali mahali, Nairobi ilikuwa na maskini karibu 17 katika kila 100, na Turkana karibu 79. Bendera ni moja, wimbo wa taifa ni mmoja, na mtoto azaliwaye hakuchagua atazaliwa chini ya hesabu ipi.

Katiba ya mwaka 2010 ilikusudia kuponya jeraha hili. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya afya, chakula, maji safi, makao na elimu. Ibara ya 203 inaagiza kwamba kaunti zote kwa jumla zisipewe chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Homa Bay, iliyokuwa na watu zaidi ya 1,130,000 katika hesabu ya 2019, na Migori, zaidi ya 1,110,000, tangu 2013 zina serikali zao na fungu lao. Hili ni jibu la kisheria kwa shauri la 1965. Walakini tusilale. Tofauti za mali zaweza kuishi hata ndani ya kaunti moja. Ikiwa fedha zilizotoka Nairobi zitaishia katika makao makuu ya kaunti, zikawa magari, safari na posho, mkulima wa Kabondo atakuwa amebadilishiwa bwana, hali yake ikabaki ileile. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, hata wakiwa wamezaliwa katika ukoo mmoja.

Basi twataka nini? Twataka mambo manne, na kila moja laweza kufanywa na serikali ya nchi maskini. Kwanza, ukuaji upimwe kutoka chini: itangazwapo asilimia ya mwaka, na itangazwe pamoja nayo hali ya wale walio nusu ya chini. Pili, fedha za umma zitangulie mahali penye upungufu: njia ya kutoka shambani mpaka barabara kuu, maji, zahanati yenye dawa. Tatu, kipimo kiwe cha haki. Viazi viuzwe kwa kilo na mizani iwe sokoni, na wakulima wajiunge katika vyama vya ushirika vyenye hesabu za wazi, maana mkulima mmoja mbele ya lori ni mnyonge, lakini wakulima 200 wenye ghala moja ni mfanyabiashara. Nne, kodi iwe kwa kadiri ya uwezo, na mwizi wa mali ya umma ahesabiwe kuwa mwizi wa maskini, kwa kuwa tajiri ana hospitali yake na shule yake, na ni maskini asiye na nyingine ila ya umma.

Hapana hata moja katika hayo lizuialo kukua kwa mali. Mkulima alipwaye kwa haki hununua mbegu bora, hununua bati la nyumba, hulipa karo; fundi wa bati na mwenye duka wa Oyugis hupata wateja; na mji hukua kwa nguvu za watu wake. Shilingi 1,000 mikononi mwa watu 10 huzunguka sokoni siku hiyo hiyo. Mikononi mwa mmoja aliyekwisha kushiba, huenda ikalala.

Nanyi wanafunzi, ambao karibuni mtakuwa makarani, waalimu, wahasibu, wabunge na wakulima, mna kazi yenu. Jifunzeni hesabu vizuri, kwa maana wanyonge wengi wameonewa kwa tarakimu wasizoweza kuzijibu. Msione haya kwa sababu ya jembe lililowasomesha. Na kila msikiapo kwamba nchi imekua, ulizeni kwa adabu lakini bila woga: imekua kwa nani, wapi, na kwa gharama ya nani? Mtaambiwa mngoje. Wazazi wa babu zenu waliambiwa hivyo mwaka 1954, na babu zenu mwaka 1965, na wengine wao walizikwa wangali wakingoja. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, nao hawakuwa wataalamu wa uchumi. Haki ya mtu haiivi kwa kuachwa jikoni mpaka wageni wote washibe. Huandaliwa tangu mwanzo, pamoja na chakula chenyewe, na aliyelima hukaribishwa kula.